Siku Mchumba Wangu Alipofanywa Kaka

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye mlango wa ua wetu. Adrien alikuwa amesimama pale na vijana wake wanne, na Karimu, mchumba wangu, alikuwa nyuma ya mama yangu, mgongo ukutani, hana pa kukimbilia.

Kwa msomaji anayeanza leo: naitwa Sijaona. Mwaka wa tisini na tano nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya sekondari, tunakaa mtaa wa Buyenzi, mjini, karibu na ziwa. Baba alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa. Kaka yangu Amissi, fundi wa magari, alikwenda Ruziba, ufukweni, mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia, kununua samaki na hakurudi. Nyumbani tulibaki mimi na Mama.

Karimu alikuwa fundi wa redio. Alizaliwa Léonce, akasilimu, akanichumbia, na harusi ikapangwa iwe baada ya Idd. Idd ikapita, risasi zikaja. Mitaa ya jirani ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Jina la Léonce na mahali alipozaliwa, kwenye karte yake ya utambulisho, vilitosha kuonyesha kabila lake na kumfanya awe mtu wa kutafutwa.

Msomaji mmoja ameandika kuuliza kama nilimpenda Karimu kweli, au nilipenda tu kupenda. Sikumjibu. Asome haya, aamue mwenyewe.

Mama alisema, "Huyu ni mutoto wangu."

Adrien aliweka mkono kwenye fremu ya mlango. Nilimfahamu tangu lycée, shule ya sekondari, alikuwa madarasa mawili mbele yangu, nahodha wa mpira wa kikapu. Alikulia barabara ya nyuma yetu. Sasa alikuwa mkubwa wa baryeri, kizuizi cha barabarani pale kona, na kila aliyepita alipita kwa ruhusa yake.

"Mama Amissi, watoto wako mi nawajua," akasema. "Iko Amissi, iko Sijaona. Huyu ulimuzaa lini?"

"Sikumuzaa. Nilimunyonyesha."

"Ulimunyonyesha."

"Mwaka wa sabini na mbili. Mama yake alikuwa jirani, akalazwa. Nilikuwa na Amissi kifuani, nikamuweka na huyu."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Amissi alikuwa mufupi kama jeki. Huyu murefu hivi. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wawili?"

"Amissi alikuwa muvivu," Mama akajibu. "Huyu alimaliza yake, akamaliza na ya mwenzake."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia watoto wake kwenye arusi. Mimi nilijua kwamba mwaka wa sabini na mbili mama yake Karimu alikuwa kwao, mkoa wa Ngozi, mbali na hapa, hajawahi hata kuliona ziwa.

"Na mbona ulikuwa unamuoza binti yako?" Adrien akauliza. "Mutaa muzima unajua habari ya harusi."

"Sikumutambua. Watoto wanakua, sura zinabadilika. Juzi nimeona karte yake, nikasoma jina la mama yake. Njo hapo nikajua."

Adrien alimtazama Mama. Halafu akanitazama mimi.

"Mama, mbele yangu unaweza kudanganya, mi ni nani?" akasema. "Twende kwa Mwalimu Massoudi. Ukiapa kule, mi naondoka."

Mwalimu Massoudi ndiye aliyefundisha watoto wa barabara yetu Kurani. Asubuhi alifundisha, mchana alishona viatu barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulimkuta ana uzi mdomoni na kiatu cha mtu magotini. Alisikiliza bila kuutoa uzi. Alipouona mkono wa Adrien ulivyomshika Karimu kwenye kola, akautoa.

"Mama Amissi," akasema, "unajua unachotaka kufanya?"

"Najua, Mwalimu."

Mama alitawadha. Akawekewa Msahafu, akaweka mkono, akaapa kwamba alimnyonyesha Karimu pamoja na Amissi. Kutaja jina la Amissi ndiko kulikomshinda. Sauti ilikatika hapo, na nadhani hicho kilio cha kweli ndicho kilichowafanya wale vijana wainamishe macho.

Nikadhani yamekwisha.

"Mara ngapi?" Adrien akauliza.

Mama aliondoa mkono kwenye Msahafu.

"Mama, nauliza, alinyonya mara ngapi?"

Sisi tuliokaa kwenye mkeka wa Mwalimu tulifundishwa hilo: mtoto aliyenyonya mara tano na kushiba, kabla ya kutimiza miaka miwili, ni mtoto wa yule aliyemnyonyesha. Hamwoi binti wa nyumba ile. Si mwaka huu, si mwaka ujao, hamwoi hadi kufa. Akiwa amenyonya mara mbili au tatu, hakuna undugu, na harusi inaweza kufungwa.

Mama alinigeukia. Alikuwa ameshatoa kiapo, lakini hili la hesabu aliniachia mimi. Macho yake yaliniuliza wazi: niseme ngapi, mwanangu?

"Mara mbili ni musaada tu," Adrien akasema. "Mutu akisaidiwa mara mbili hawi mutoto wa nyumba. Mi nataka kusikia kama ni mutoto wa nyumba, ao ni mugeni."

Kola ya Karimu ilikuwa imekaza shingoni. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia viatu vya Mwalimu, vilivyopangwa barazani.

"Miezi miwili," nikasema. "Kila siku, asubuhi na jioni. Mama alituhadithia."

Ni mimi niliyesema. Nimeandika wiki nane kuhusu watu walionidhulumu, na nitaandika wengine. Lakini neno lile lilitoka kinywani mwangu.

Adrien akaiachia kola. Akainyoosha kwa vidole, kama mtu anayemvalisha mdogo wake siku ya sikukuu.

"Basi," akamwambia Karimu, "karibu Buyenzi, kaka ya Sijaona."

*

Karimu alihamia kwetu siku ileile. Alipewa kitanda cha Amissi.

Nikiri jambo hapa. Kabla ya hapo sikuwahi kukaa na Karimu zaidi ya saa moja. Nilimwona dukani kwake, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, akizungumza polepole, hana haraka, hana hofu. Nikirudi nyumbani nilikuwa naandika kwenye kaye yangu, daftari la shule, kila alichosema. Kaye ilijaa, nikaanza ya pili. Niliandika kwamba hakuna kinachomtisha. Niliandika kwamba hajali chakula, maana sikuwahi kumwona anakula.

Sasa nilimwona. Alikula haraka, kichwa chini, mkono mmoja umezunguka sahani. Alikoroma. Lori likipita barabarani alikuwa anaingia chini ya kitanda, na likishapita alibaki kule, na Mama ndiye aliyekwenda kumwita, "Toka mwanangu, ni lori ya mchanga."

Mama alimwita mwanangu hata tukiwa peke yetu. Nilimuuliza kwa nini.

"Ukikosea mbele ya watu, mutu anakufa," akasema. "Na we muite kaka. Jizoeze."

Nilijizoeza siku tisa. Siku ya kumi nikaenda kwa Mwalimu Massoudi peke yangu.

"Mwalimu, Mama aliapa uongo," nikasema.

Alikuwa anatoboa soli. Aliendelea kutoboa.

"Unafikiri sijui?" akasema. "Kiapo cha uongo kina kafara yake. Alishe masikini kumi, akikosa uwezo afunge siku tatu, na atubu. Mwambie aanze Jumatatu."

"Basi Karimu si kaka yangu."

"Mbele ya Mungu, apana."

"Tuoze, Mwalimu. Kwa siri."

Akaweka soli chini.

"Binti yangu, nikiwaoza, nahitaji mashahidi wawili. Mashahidi wana wake, wake wana majirani. Kesho Adrien anajua mama yako alimchezea na Msahafu. Unataka nikuoze leo, nikamzike kesho?"

Niliiokota soli, nikamrudishia.

"Na iko jambo lingine," akasema, na sauti akaipunguza. "Mi sikuuliza mara ngapi. Nilinyamaza makusudi, ili mlango ubaki wazi. Aliyeuliza ni yule kijana. Yeye si Muislamu. Nani alimfundisha habari ya mara tano?"

"Alikulia hapa, Mwalimu."

"Alikulia hapa. Alikuwa anakaa kwenye dirisha la madrasa na wenzake, wanasubiri mmalize mkacheze mpira. Alisikia yote." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Siku ile hakuja kutafuta ukweli. Angetaka kumchukua Karimu angemchukua. Alikuja kumtoa kwako. Sasa jiulize anataka nini."

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, na mwenye baiskeli mmoja akanitukana.

*

Karimu alikuwa uani, anafua shati la Amissi ambalo sasa lilikuwa lake. Mama alikuwa sokoni. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba mbele ya Mungu mimi na yeye hatukatazwi kuoana. Nikamwambia twende Uvira, ng'ambo ya mpaka, kule hakuna aliyesikia kiapo, tutaozwa na shehe yeyote.

Alikamua shati hadi tone la mwisho.

"Barabara ya Gatumba, mpaka kufika mpakani, ina baryeri ngapi?" akauliza.

"Tutapita mashambani."

"Tutapita." Akatikisa kichwa. "We unasema tutapita kama unasema tutapika."

"Karimu, ulikuwa unaniambia hakuna kinachokutisha."

"Mi sikukuambia. We uliandika."

Nilisogea karibu na beseni.

"Nimesoma kaye yako," akasema. "Zote mbili. Samahani, zilikuwa chini ya godoro la Amissi, mi ndiye ninalala pale. Yule mutu umemuandika mule ndani, Sijaona, yule hana tumbo. Hasikii njaa, haogopi, halali. Nilikuwa nasoma, najiuliza huyu kijana anakaa wapi nimuone. Nami nilimpenda."

"Ni wewe."

"Apana. Mi ni fundi wa redio. Mi nataka kuishi." Alianika shati kwenye kamba na kunipa mgongo. "Hizi siku tisa nimelala. Unaelewa? Tangu mauaji ya tisini na tatu sijawahi kulala siku tisa. Kama unanipenda, niache niwe kaka yako."

Nilimchukia kwa muda wa kuanika shati. Nilitaka arudi yule wa kwenye kaye, aseme neno moja la ujasiri, hata la uongo. Kisha nikaona mgongo wake, mifupa yote inahesabika chini ya fulana, na nikajua kwamba nisiyempenda ni yule wa kwenye kaye, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama kati yangu na huyu mwenye njaa. Lakini tayari alikuwa ameshaniomba kuwa kaka, na nilikuwa nimechelewa.

Nililia jikoni. Mama aliporudi alidhani ni vitunguu, au alijifanya kudhani.

*

Jumapili, saa nne asubuhi, pikapu ilisimama mlangoni. Karimu aliingia chini ya kitanda.

Alikuwa Adrien, peke yake, shati limepigwa pasi, kreti ya soda begani.

"Mama Amissi, nimekuja kama jirani," akasema. "Niite kaka ya nyumba."

Mama alikwenda kumtoa Karimu. Walikaa sebuleni, Karimu kwenye kiti cha Baba, ndiko Adrien alikomwelekeza. Mimi nilisimama mlangoni na kifungulio cha soda.

"Kaka," Adrien akamwambia Karimu, "nimekuja kuomba musichana."

Hakuna aliyegusa soda.

"Najua kaka wa maziwa haozeshi, Mwalimu ndiye ataozesha. Na mi nitasilimu, si hata weye ulisilimu? Lakini nimekuja kwanza kwako, kwa heshima. We ndiye mwanaume hapa. Unasemaje?"

Niliomba Mungu kwa moyo wote. Sikuomba aseme apana, nilijua apana inazaa nini. Niliomba achelewe tu. Aseme nitafikiri. Aseme tutazungumza na Mama. Mtu anayemtoa dada yake aolewe angalau hukohoa kwanza.

"Mi sina shida," Karimu akasema.

Aliyasema akiangalia sakafu, haraka, vilevile alivyokuwa akila.

Mama alisema, "We mutoto," taratibu sana. Ilikuwa mara ya kwanza asimwite mwanangu.

Adrien alitabasamu, lakini hakuonekana kufurahi. Nadhani hata yeye alitegemea mapambano.

"Basi aseme mwenyewe," akasema. "Mi sitaki kupewa mutu kama gunia. Sijaona, ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema apana, mi nasimama, narudi kwenye kazi yangu." Akamgeukia Karimu. "Na kaka nitamuomba anisindikize mpaka baryeri, tuzungumze karte yake kidogo."

Wote watatu wakanitazama. Mama aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Karimu midomo ilikuwa inacheza, sijui kama alikuwa anaomba dua au anatetemeka.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mtoto, kama kuna saa ya kuacha. Hakuna aliyekuja kunitetea. Yule wa kwenye kaye hakuwepo, na huyu wa kwenye kiti alikuwa mtu mmoja tu mwenye hofu, ambaye bado nilitaka aishi. Nilitaka aishi kuliko nilivyotaka anipende.

"Mahari yangu naitaja mimi," nikasema. "Ni haki ya mwanamke."

"Taja."

"Mpeleke kaka yangu Uvira. Leo, mchana huu, kwa pikapu yako, mvushe baryeri zote mpaka mpaka wa Zaire. Siku nitakayopata barua yake, mkono wake mwenyewe, inasema amefika salama, siku hiyo nitakujibu."

Mama akashusha kanga. Karimu aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alinitazama kama mtu anayenisoma, na macho yake yakajaa.

"Dada," akasema. Hakuna mwingine ndani ya chumba aliyejua neno lile lilikuwa linaomba msamaha wa nini.

Adrien alicheka. Kicheko kizuri, cha shuleni, cha kijana aliyefungwa kikapu asichokitegemea.

"Una akili, sha," akasema. "Hata lycée ulikuwa na akili. Sawa. Ni mahari ndogo. Kaka, twende."

Mama alifunga nguo za Karimu kwenye kitambaa: shati moja, kikoi, sabuni nusu. Alimpa ndizi mbili. Alimkumbatia, na nikamsikia akimwambia kitu sikioni, na Karimu akatikisa kichwa mara nyingi, kama mtoto anayetumwa dukani na kuogopa kusahau.

Tukatoka wote hadi kwenye gari. Barabara ilikuwa tupu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na jembe na kamba. Nilijiambia kila gari lina jembe na kamba.

Karimu aliweka mguu kwenye kipandio.

"Ngoja," Adrien akasema.

Alifungua mlango wa upande wake, akatoa daftari refu, lile alilokuwa akiandikia majina kwenye baryeri. Akageuza kurasa nyingi zilizojaa hadi alipopata nyeupe. Akaichana kwa uangalifu, akailaza kwenye boneti, na juu yake akaweka kalamu.

"Posta ya Uvira ni mbaya," akasema. "Barua inaweza kuchukua mwaka, na mi sina mwaka. Iandike hapa, kaka. Mkono wako mwenyewe, kama alivyosema dada yako."

Karimu alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Andika," Adrien akasema. "Dada yangu Sijaona, nimefika salama."

Boneti ilikuwa ya moto na karatasi ilikuwa inajikunja. Karimu aliishika kwa kiganja. Aliandika polepole, herufi moja moja, kama fundi anayeunganisha waya mwembamba. Nilikuwa upande wa pili wa gari na niliweza kusoma kila neno kichwa chini.

Alipofika mwisho akasimamisha kalamu.

"Niweke tarehe gani?" akauliza.

"Acha wazi," Adrien akasema.

Aliichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara mbili. Alizunguka mbele ya gari, akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anavyotoa zawadi kwa wakwe. Nyuma yake Karimu bado alikuwa na mguu mmoja kwenye kipandio na mmoja chini, na Mama alikuwa amemshika mkono wa shati.

"Barua imefika," Adrien akasema. "Sasa nijibu."